Kabla Hujapiga Mstari Mwekundu

Kwa miaka minne nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, huku mtaani kwetu Mbagala. Kazi yangu ilikuwa kuandika waliohudhuria vikao, kupeleka taarifa za msiba, na mwisho wa mwaka kusoma majina ya waliokiuka katiba. Katiba yetu haina kona: asiyefika vikao vitatu mfululizo bila taarifa, anafutwa. Mwaka mmoja yalipatikana majina saba. Wajumbe wakaafiki, nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mistari saba kwenye daftari, tukaendelea na ajenda nyingine.

Jina la nne lilikuwa la mama mmoja mtu mzima aliyesimamia jiko tangu kikundi kianze. Msiba ukitokea usiku, alfajiri utamkuta ameshapanga mafiga na maji yako jikoni. Hakuwahi kuwa kiongozi, wala sikumbuki siku aliyonyoosha mkono kikaoni kusema neno.

Wiki chache baadaye tukapata msiba. Turubai likafungwa, viti vikaja, mchele ukaja, lakini masufuria makubwa hayakuonekana. Vijana wakahangaika huku na huku, mpaka mmoja wao akauliza, "Kwani mama yuko wapi?" Tukatazamana. Wote tulijua kwamba hayuko kikaoni, lakini hakuna aliyejua alikokuwa.

Nilikwenda kwake jioni ile.

"Hodi. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umefuata vyombo?"

Alikuwa amekaa mkekani, mguu mmoja umefungwa bendeji. Kisukari kilimshika, kidonda kikakataa kupona, na simu yake ilikuwa mbovu kwa miezi. Pembeni ya ukuta masufuria mawili ya kikundi yalikuwa yamelazwa kifudifudi, yamesuguliwa mpaka yanang'aa, na miiko imefungwa pamoja kwa kipande cha khanga. "Sahani zipo 78," akaniambia. "Mbili zilivunjika kwenye arobaini ya yule jirani wa kona, nilishamwambia mweka hazina." Alikuwa akilinda mali ya kikundi ambacho kilishamfuta. Nilibeba masufuria yale nikaondoka, na siku ile sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ni usia mzuri, lakini tuangalie unamwambia nani. Unamwambia mtenda wema, asije akaufanya wema wake kuwa deni. Haukusemwa kwa sisi tuliotendewa. Sisi tumeuchukua usia wa mwingine tukaufanya kinga yetu: mtu akitupikia miaka kumi tunasema alijitolea, na aliyejitolea hadai. Ni kweli hadai. Lakini asiyedai hajatuondolea wajibu wa kushukuru.

Sisemi sheria ya mahudhurio ni mbaya. Vikundi vingi vimekufa kwa sababu ya watu wanaokumbuka uanachama siku mlango wao unapobishwa na msiba, hali wenzao wametoa ada, wamekesha na kuchimba makaburi. Bila daftari, wanaobeba mzigo huchoka, na wakichoka wao kikundi kimekwisha. Kosa letu lilikuwa kuliuliza daftari swali ambalo haliwezi kulijibu. Daftari linajua nani hakuja. Kwa nini hakuja, hilo linajulikana mlangoni kwake.

Na sababu hazifanani. Yuko anayeumwa, na yuko anayeuguza. Yuko aliyeyumba kibiashara, akakosa ada ya mwezi mmoja, kisha akaona aibu kuja na deni, na kila mwezi ukiongeza deni unaongeza aibu. Yuko aliyekwazwa na neno moja kikaoni, akanyamaza. Yuko aliyechoka, anayehitaji mwaka mmoja wa kupumzika. Na yuko aliyeamua kuondoka. Huyo aachwe aende kwa amani, aagwe kwa mkono, asisomwe mbele za watu kama mkosaji. Kati ya kujitolea na kujitoa kuna silabi moja tu, na mara nyingi inayodondosha silabi hiyo ni kimya chetu.

Hata vyama vikubwa havikusalimika. Henry Dunant, raia wa Uswisi, aliona majeruhi wametelekezwa baada ya vita vya Solferino mwaka 1859, akashirikiana na wanakijiji kuwahudumia bila kujali walipigania upande gani. Kutokana na wazo lake kikazaliwa chama cha Msalaba Mwekundu mwaka 1863. Mwaka 1867 biashara zake zilifilisika, na kwa fedheha ile akaondolewa kwenye kamati aliyosaidia kuiunda. Aliishi miaka mingi katika ufukara, wakati kazi aliyoianzisha inaenea nchi baada ya nchi. Mwaka 1895 mwandishi wa habari alimkuta katika mji mdogo wa Heiden, akaandika habari zake, na dunia ikamkumbuka. Mwaka 1901 akawa mmoja wa watu wawili wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alihitajika mtu mmoja tu wa kufunga safari na kubisha hodi.

Kuhusu shukrani zenyewe, tumezizoea zile za vyeti. Tarehe 5 Desemba, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kuwa siku ya wanaojitolea, vyeti hutolewa na picha hupigwa. Cheti si kibaya. Lakini mara nyingi humfikia aliyeko mbele, na aliyeko kwenye moshi nyuma ya nyumba hajui hata kwamba sherehe imefanyika. Shukrani iliyo hai hutaja kazi: wewe uliosha maiti wakati wengine tuliogopa, wewe ulitunza sahani 80, zikavunjika mbili tu. Sisi watu wa mazishi tunajua sana kutaja kazi za mtu, ila tunasubiri wasifu wa marehemu. Mwenyewe amelala kwenye jeneza, hasikii.

Nilirudi kwa yule mama baada ya siku tatu nikamweleza nilichofanya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungepita tu, mwanangu." Maneno hayo matatu niliyapeleka kikaoni, na kwa hayo tulibadili katiba. Sasa hakuna jina linalofutwa kabla wanachama wawili hawajafika nyumbani kwa mhusika na kuleta jibu. Tumeongeza kundi la wazee wa kikundi: aliyetumikia muda mrefu na mwili ukakataa halipi ada, haulizwi mahudhurio, na siku yake ikifika anazikwa kama mwanachama kamili. Na kila mkutano mkuu unaanza kwa katibu kusoma kazi zilizofanywa na waliozifanya, kabla ya hesabu za fedha.

Mama bado hasimami muda mrefu. Kukiwa na msiba vijana humfuata na bajaji, wakamweka kwenye kiti karibu na jiko, akawaelekeza maji ya mchele na wakati wa kupunguza moto. Jina lake nililiandika upya kwenye ukurasa mpya. Ule wa zamani, wenye mistari saba, sikuuchana. Nilipokabidhi daftari kwa katibu mwingine, nilimfungulia hapo kwanza.