Popote Tu

Watu watano wenye njaa wakisimama mlangoni pa mkahawa, nani ana haki ya kuamua? Swali linaonekana dogo, lakini lilitukuta Kyoto, katika kichochoro cha Pontocho, na mpaka leo hatujamalizana nalo.

Tulikuwa tumetoka London, jamaa wa ukoo mmoja, katika safari tuliyoiwekea akiba kwa miaka. Kila aliyeulizwa tule wapi alijibu, "Popote tu." Kwetu jibu hilo ni adabu; mchagua jembe si mkulima. Basi tukatembea, tukitazama milango midogo yenye mapazia, hadi saa mbili ya usiku ikapita. Mikahawa mingi ya huko ina viti vichache, na jiko huweza kufungwa mapema kuliko mgeni anavyodhani.

Tukafika penye rameni ya tonkotsu, chakula cha asili ya Fukuoka, ambacho supu yake huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Hapo ndipo mjomba, mtu wa swala tano, aliposema taratibu, "Ingieni nyinyi, wanangu. Mimi nitanunua donge la wali dukani." Hata udoni ya mlango wa pili ilimtia shaka, kwani michuzi ya Kijapani mara nyingi hutiwa mirini, pombe tamu ya mchele ya kupikia, yenye kileo cha takriban asilimia 14. Tukaingia wanne.

Je, tulikosa? Wako watakaosema hapana. Wanne ni wengi kuliko mmoja. Yeye mwenyewe aliruhusu. Na sharti la dini yake si deni la wenzake. Hoja hizi zina uzito. Lakini tuzipime. Anayekosa rameni leo anakosa ladha moja, na kesho ataipata. Anayeachwa nje anakosa chakula na wenzake kwa pamoja. Hasara hizi hazilingani, kwa hiyo kuhesabu vichwa peke yake hakutoshi. Na ile ruhusa, je, ilikuwa ruhusa kweli, au mzee aliona haya kuwa mzigo?

Hata hivyo, hatumwondolei mjomba lawama yote. Naye alisema "popote" akijua si popote. Sisi nasi tulijua, tukajifanya tumesahau. Wajapani wana neno omakase, yaani "nakuachia wewe uchague." Lakini mlaji humwachia mpishi, mtu anayeijua kazi na aliyekubali dhamana. Sisi tuliachiana kila mtu na mwenzake, dhamana ikabaki njiani haina mwenyewe. Tulichokiita adabu kilikuwa kukwepa wajibu.

Tunaloliona ni hili: mwenye njia nyembamba aseme mapema, kabla njaa haijauma, na wenye njia pana waanze kuchagua kutoka kwake, bila kumfanya aombe. Kesho yake tulifanya hivyo. Samaki wa kuchoma kwa chumvi, wali mweupe, watu watano meza moja.

Ile rameni ilikuwa tamu, hatukatai. Ila tulipotoka tulimkuta mjomba kando ya mto Kamo, karatasi ya wali bado iko mkononi, akatuuliza kama tumeshiba. Hakuna aliyejibu upesi.