Kiungo Dhaifu

Kinapovunjika chombo mkononi mwa mwenyewe, swali la kwanza kumjia huwa ni la lawama, na aghalabu jibu huwa limekwisha kulitangulia swali. Chombo kibovu. Aliyekiunda mzembe. Aliyekiuza mjanja. Mara ya kwanza jibu hilo huweza kuwa na haki yake. Penye mzozo ni mara ya tatu.

Mtu mmoja wa makamo, katika mji mmoja wa Uingereza, alinunua lori dogo la kuendeshwa kwa redio. Halikuwa lile la sanduku la watoto, ambalo likifa hutupwa. Lilikuwa la vipimo, sehemu moja ya kumi ya lori la kweli, lenye springi zake, difu mbele na nyuma, na kijitabu kinachoeleza namna ya kulifungua hadi skrubu ya mwisho. Mchezo huu una nasaba ya kutosha kumwondolea mtu mzima haya: mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonesha watu mashua ndogo iliyotii amri za redio, na tangu Tamiya wa Japani walipotoa Porsche 934 yao ya kuunganishwa nyumbani, mwaka 1976, watu wazima wengi wamepiga magoti sakafuni mbele ya magari ya namna hii.

Lori lilikwenda siku tisa. Siku ya kumi gia za difu ya nyuma zilisagika meno. Muuzaji akalitengeneza kwa dhamana, bila ya maneno. Wiki mbili baadaye zikasagika tena. Akalitengeneza tena, safari hii akimtazama mteja wake kidogo. Naye mteja akarudi nyumbani na hakika kamili kwamba ameuziwa gari bovu.

Palikuwa na jambo ambalo hakulisema. Kijitabu kiliagiza betri ya seli mbili, volti 7.4. Yeye alitia ya seli tatu, volti 11.1, kwa kuwa mota huzidi mbio kwa kadiri volti zinavyozidi, na alipenda kulirusha lori juu ya kilima cha mchanga. Liwapo hewani, magurudumu hayana cha kuyazuia. Huzunguka kama yaliyopagawa. Yakigusa ardhi ilhali kidole bado kimeshikilia mwendo, hushikwa ghafla, na nguvu yote ile hurejea ndani kutafuta pa kutokea. Hutokea penye meno ya gia.

Je, alisema uongo? Muuzaji hakuuliza habari za betri, na asiyeulizwa, watasema watetezi wake, hana deni la jibu. Hoja hiyo ni nyepesi. Dhamana ni ahadi ya pande mbili: mmoja hubeba kasoro za kiwandani, mwengine hubeba matumizi yake. Anayenyamaza ili mzigo wake ubebwe na mwenziwe amekwisha kusema. Lakini hasara ya gia ni ndogo. Kubwa zaidi ni lile lililompata yeye mwenyewe. Kwa kuwa alimwambia muuzaji kuwa gari ni bovu, ilimpasa naye aliamini neno lake. Na aliyeamini hivyo hana sababu ya kukichunguza kidole chake. Kimya kile kilimnyima elimu ambayo lori lilikuwa likimpa kila lilipovunjika.

Zilipokatika mara ya tatu aliona haya kurudi dukani. Akanunua gia za chuma kwa fedha zake. Zilihimili, ikavunjika ekseli. Akatia ekseli ya chuma. Likapasuka ganda la difu. Kila alipokiimarisha kiungo kimoja, udhaifu ulihamia kwa jirani, na kila jirani alikuwa ghali kuliko wa kabla yake. Wako watakaomsifu kwa subira. Haikuwa subira, ulikuwa ukaidi wenye sauti ya chini. Hatimaye alikisoma kijitabu, tena kwa utuvu, na kuona kuwa waundaji hawakusahau kitu. Mle ndani mna klachi ya kuteleza, iliyowekwa makusudi ishindwe kidogo ili vyengine visishindwe kabisa. Skrubu yake alikuwa ameikaza mwenyewe siku ya kwanza, akidhani kilicholegea ni kasoro.

Watu wa visiwani wangeweza kumwambia. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, mbao zake hazikupigiliwa misumari, na ulipopandishwa pwani penye mawimbi ulinyumbuka. Bei ya kunyumbuka huko ilikuwa ni kazi isiyokwisha: maji ya kufuliwa, kamba za kubadilishwa, matundu ya kuzibwa upya. Hayo hayakuitwa uharibifu. Yalikuwa ndiyo kuwa na chombo. Ni kweli mtepe ulilisha watu na lori hili halimlishi mtu, na anayelinganisha viwili hivi asivifananishe kupita kiasi. Ila swali la aliyeviunda ni moja: si vipi udhaifu uondolewe, bali wapi uwekwe.

Bwana yule alilegeza skrubu, akairudisha betri ndogo, akaenda dukani na fedha za gia za mara ya pili, akaeleza yote. Muuzaji alizihesabu, akaziweka, kisha akauliza kwa upole betri kubwa ilitiwa lini.

Ilitiwa siku ya tatu. Mkono wa mnunuzi ukarudi mfukoni.