Deni Likishalipwa, Karatasi Ni ya Nani?

Mtaa wa Lucky Summer, katika eneobunge la Ruaraka, umepakana na Korogocho, na ng'ambo ya Mto Nairobi kutoka Korogocho ndipo lilipo jaa la Dandora. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori ya taka yanapanga foleni. Huko wapo watu wanaojipatia riziki kwa kuchambua: plastiki kando, chuma kando, karatasi nyeupe kando, kila kitu kwa kilo.

Karatasi iliyotupwa Lucky Summer, basi, haijafika mwisho wake. Itapita mikononi mwa mtu. Anayeiokota hana kosa, maana anachotafuta ni uzito wake, si majina yaliyomo. Lakini taarifa ya benki ikiwa nzima ina jina kamili na namba ya akaunti, na nakala ya kitambulisho ina tarehe ya kuzaliwa. Tapeli anayetaka kuteka laini ya simu ya mtu, na pesa zilizomo, huanzia papo hapo.

Wengi huishia kwenye hofu hiyo ya wizi. Chini yake kuna swali zito zaidi: je, karatasi ya fedha ni mali ya aliyeiweka kabatini peke yake?

Lichukue daftari la chama. Mweka hazina ameandika nani alikopa, nani alichelewa, nani aliomba aongezewe mwezi kwa sababu mtoto alilazwa. Fomu ya mkopo wa Sacco nayo ina namba za vitambulisho za wadhamini, majirani waliokubali kubeba mzigo wa mwenzao. Mkopo ukiisha kulipwa, fomu ni yake mkopaji. Siri za wadhamini si zake. Aliwekewa amana.

Dini zimehimiza sana kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Katika Biblia, Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, aliagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Na katika sheria ya Kiislamu, madeni ya marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Anayechoma karatasi za marehemu kabla hesabu hazijafungwa huwadhulumu wadai na warithi kwa pamoja. Hata serikali ya Kenya humtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5.

Je, hesabu zikishafungwa?

Wayahudi wa Fustat, Cairo ya kale, hawakutupa ovyo maandishi yaliyoweza kuwa na jina la Mungu. Waliyarundika katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra, barua za biashara zikiwemo. Mwaka 1897 Solomon Schechter alihamishia Cambridge vipande zaidi ya 190,000. Humo wanazuoni wamesoma habari za Abraham Ben Yiju, mfanyabiashara wa karne ya 12 aliyeishi Mangalore, na za dalali wa Kihindi aliyechukua fedha za iliki kabla ya kuileta, kisha asiilete. Fedheha ya dalali huyo imeishi zaidi ya miaka 800.

Wanahistoria wanashukuru, na wana haki. Lakini dalali yule hana tena jirani wa kumwonea haya. Mama aliyechelewesha mchango wake wa chama mwaka 2019 angali anaishi ploti ileile, na watoto wake wanasoma na watoto wa wenzake. Kati ya faida ya mwanahistoria wa kesho na sitara ya mama huyu leo, sitara itangulie.

Kuharibu si lazima kuwe dharau. Khalifa Uthman, katika karne ya 7, aliamuru nakala nyingine za Kurani zichomwe baada ya msahafu mmoja kukubaliwa, na hadi leo kurasa zilizochakaa huzikwa au huchomwa kwa heshima. Ikiwa maneno matakatifu huagwa hivyo, daftari la madeni ya majirani nalo lisiachwe lipeperuke mtaroni.

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haigusi shughuli za kibinafsi na za nyumbani. Mlangoni mwa nyumba sheria hiyo inasimama, na dhamiri inashika kazi.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Karatasi huchanwa ili majina na namba zitengane, zikalowekwa usiku kucha kwenye beseni, kisha zikapondwa hadi ziwe uji. Uji huo ukichanganywa na vumbi la makaa na kukaushwa, huwa vibonge vya kuwashia jiko. Risiti laini za mashine zina kemikali, kwa hiyo zisiingie kwenye jiko la kupikia, zichanwe tu.

Vyama vingi hugawana fedha Desemba. Wanachama wa Lucky Summer waifanye siku hiyo iwe pia ya kufunga amana: hesabu isomwe, kila mmoja akiri kwamba hana dai, kisha daftari lililokwisha kazi lilowekwe mbele ya wote.