Je, Ndege Ana Haki ya Ujirani?

Neno "ndege" katika Kiswahili limebeba maana kadhaa. Ni kiumbe mwenye mbawa na manyoya. Ni chombo cha abiria kipitacho angani. Tena ni dalili ya jambo lijalo, liwe la heri au la shari. Msafiri wa zamani aliyekutana njiani na jambo la kumpa moyo alisema amepata ndege njema. Aliyekutana na la kumtia hofu alisema ndege ni mbaya, na pengine akarudi nyumbani. Mwalimu alifundishapo neno hili aghalabu huzitaja maana hizo zote, kisha akaendelea na somo. Walakini katika maana hii ya tatu mna mtazamo mzima wa maisha unaostahili kupimwa, nao ni kwamba ndege yupo ili atupe habari zetu wenyewe.

Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya. Je, ndege ana thamani yoyote mbali na ile tumpayo sisi? Na kama anayo, inatudai nini? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Huulizwa kila mara wanakijiji, wanafunzi na walimu wao wanapokutana alfajiri ukingoni mwa kinamasi, wakiwa na daftari na darubini mbili tatu za kupokezana, ili kuwatazama ndege na kuwahesabu. Desturi hii si ngeni kwetu. Jumuiya ya elimu ya viumbe ya Afrika Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka 1909, na kutokana nayo Uganda ina chama kiitwacho NatureUganda, ambacho huongoza matembezi ya kutazama viumbe na hesabu za ndege wa majini. Mpita njia aonapo kundi la namna hiyo limesimama kimya katika umande, huuliza: "Mnapata nini?" Anauliza kwa haki, naye anastahili jibu la kweli.

Tuanze na majibu yaliyozoeleka. Jibu la kwanza ni lile la ndege kuwa dalili. Katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Victoria, upande wa magharibi wa Entebbe, yuko ndege mkubwa wa rangi ya kijivu mwenye mdomo mpana mithili ya kiatu. Chakula chake akipendacho ni kamongo, samaki yule yule atafutwaye na wavuvi. Wavuvi wa zamani waliamini kwamba anayekutana na ndege huyo hatapata kitu siku ile; kwa hiyo walimfukuza, na pengine walimuua. Ndege alihukumiwa kwa kosa la kuwa ishara, ilhali yeye alikuwa akitafuta riziki kama wao.

Jibu la pili ni la ndege kuwa pambo. Korongo mwenye taji, yule aliyemo katika bendera ya Uganda tangu mwaka 1962, ni miongoni mwa ndege wapendezao kuliko wote katika nchi zetu. Ana taji la nyuzi za dhahabu kichwani, na hucheza ngoma na mwenzake kwa kuinama na kuruka. Nchini Rwanda uzuri huo ulimponza. Watu waliwatwaa makinda vinamasini wakawafuga katika bustani za majumba na hoteli, wakawakata mbawa wasiruke. Wenye bustani hawakuwa na chuki naye, walimpenda. Lakini korongo aliyefungwa bustanini huzaa kwa nadra, na kila aliyechukuliwa alikipunguza kizazi kinamasini. Mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianzisha juhudi za kuwarudisha. Waliokuwa na korongo waliombwa kuwatoa bila ya kuadhibiwa. Wenye uwezo wa kuruka walipelekwa katika mbuga ya Akagera. Walioharibiwa mbawa wakapatiwa makao katika kinamasi kilichotengenezwa upya mjini Kigali. Kisa hiki kinatufundisha kwamba mapenzi nayo huweza kuwa dhuluma, yakiwa ni mapenzi ya kumiliki.

Jibu la tatu ndilo linalosikika zaidi siku hizi: ndege ni mapato. Mabamba iliorodheshwa mwaka 2006 miongoni mwa vinamasi vyenye umuhimu wa kimataifa, na wageni kutoka mbali huja kumwona yule ndege mwenye mdomo wa kiatu. Jamaa za wale waliomfukuza sasa huwapeleka wageni kwa mitumbwi na kulipwa. Hapana ubaya katika kipato hicho. Mtu aliyelisha watoto wake kwa kazi hiyo hafai kubezwa na aliyeshiba. Hata hivyo tulipime jibu lenyewe. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka, wageni walikoma kuja. Je, haki ya ndege kuishi ilikoma nao? Na vipi wale ndege wadogo wa rangi ya udongo, ambao hakuna mgeni atakayevuka bahari kwa ajili yao? Uganda pekee ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na wengi wao hawamwingizii mtu hata senti. Thamani itokanayo na bei tu hupanda na kushuka pamoja na bei.

Ukiyatazama majibu haya matatu utaona kwamba ni ndugu. Aliyemfukuza ndege kwa hofu, aliyemfunga kwa mapenzi na anayemlinda kwa faida, wote watatu wanajitazama wenyewe ndani ya ndege. Ipo njia ya nne, nayo si ngeni. Miongoni mwa Waganda uko ukoo ambao mwiko wake ni korongo mwenye taji, aitwaye kwao ng'aali. Mtu wa ukoo huo hamli ndege huyo wala hamdhuru, na hafanyi hivyo kwa kulipwa. Kwa hiyo asemaye kwamba wajibu wa binadamu kwa ndege ni wazo lililoletwa na wageni, hajawasikiliza wazee. Mipaka ya wajibu huo ilikuwa ukoo mmoja na ndege mmoja. Chama cha watazama ndege kinaweza kuupanua, uwe wa kijiji kizima na wa ndege wote walio jirani nacho.

Nasema "jirani" kwa makusudi. Jirani hukumchagua, wala humiliki. Hakuja duniani ili akupendeze. Hata hivyo unalijua jina lake, unazijua nyakati zake, na mlango wake usipofunguliwa asubuhi, wewe ndiwe wa kwanza kuuliza kulikoni. Kuhesabu ndege ni kuuliza huko. Nchini Rwanda hesabu ya mwaka 2017 ilionyesha korongo 487 nchi nzima, na hesabu zilizofuata zimeonyesha wakiongezeka. Pasipo watu wa kutazama na kuandika, wangeweza kwisha kimyakimya, na siku ya mwisho isijulikane na mtu.

Atatokea mwenye kupinga, aseme: jirani hulipa wema kwa wema, naye ndege hajui wema wala deni. Ni kweli. Lakini mtoto mchanga naye hajui deni, wala mgonjwa aliye mahututi hawezi kulipa, na hatusemi kwamba kwa sababu hiyo hatuna wajibu kwao. Wajibu hutokana na uwezo wetu wa kumdhuru mtu au kumwacha salama. Juu ya korongo uwezo huo tunao wote: tangu mwaka 2012 amehesabiwa duniani miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, na sababu kubwa ni mikono yetu.

Kipingamizi kilicho kizito zaidi ni cha mkulima. Korongo hufukua mbegu za mahindi zilizopandwa jana. Mabonde mengi ya Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, yalikuwa vinamasi vya mafunjo. Yalikaushwa katika karne ya 20 yakawa mashamba na malisho, kwa sababu watu walikuwa wengi na ardhi ilikuwa haba. Waliochimba mifereji ile walitaka kula. Leo mtu aje na darubini shingoni, amwambie mwenye shamba, "Mwache korongo, ni jirani yako," kisha aende zake kula ugali wa mahindi yaliyonunuliwa sokoni! Kauli hiyo ni sahihi, lakini asemaye hana haki ya kuisema. Anamtwika mwenzake gharama ya dhamira yake mwenyewe.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtazama ndege ni mgeni katika bonde la mkulima, na siku yake ya tatu imefika. Chama kinachostahili jina lake hakiishii kwenye daftari. Katika siku zile chache za kutoka kupanda mpaka miche iote, wanachama waende kwa zamu kuamia shamba pamoja na mwenyewe. Palipofukuliwa, wasaidie kupanda tena. Wakae na wenye mashamba wakubaliane ni sehemu gani ya kinamasi isikatwe nyasi mpaka korongo aangue mayai yake, kazi ambayo huchukua kiasi cha mwezi mmoja. Mapatano ya namna hii yana nguvu kuliko hotuba, maana kila upande umetoa kitu. Ni kweli pia kwamba korongo hula panzi na wadudu wengine. Lakini hoja hiyo tuitumie kwa hadhari, isije ikaturudisha kulekule kwenye kumpima ndege kwa faida yake tu.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika jambo hili, nayo ni majina. Mwanafunzi arudipo kutoka kinamasini akaandika, "Niliona ndege wengi wazuri," hakuona kitu. Afundishwe kutofautisha kwarara na yangeyange, mbayuwayu na hondohondo. Tena aruhusiwe kuleta darasani jina alilofunzwa na bibi yake: huyu aseme ng'aali, yule entuuha, na mwenzao kutoka Rwanda aseme umusambi. Majina hayo yaandikwe ubaoni pamoja na korongo wa Kiswahili, na chini yake iandikwe idadi ya waliohesabiwa juma lile. Hilo litakuwa somo la lugha, la hesabu na la maadili kwa pamoja.

Shime basi, walimu wenzangu. Kila shule iliyo karibu na bonde, mto au kinamasi ianzishe hesabu yake, hata kama darubini haipo, kwa kuwa korongo aonekana kwa macho matupu. Na siku ya kwanza ya kuhesabu, kabla ya kuingia bondeni, wanafunzi wapitie kwanza kwa mwenye shamba, wamwamkie, wamwombe njia, na wamuulize amepanda lini.