Kabla ya Barua ya Kustaafu

Asubuhi hii nasema nawe, mama wa Amani, Muheza au Tanga mjini: mwalimu, muuguzi au karani uliyebakiza mwaka mmoja, miwili kazini.

Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Mafao yana fomu zake, na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, wana maofisa wa kuzielezea. Hofu haina fomu. Huja usiku: nikishavua sare, nani ataniita Sista? Ikija, itaje. Mwambie dada yako, au shoga yako wa siku nyingi. Hofu iliyofichwa humfanya mtu akubali kila mradi anaoletewa siku kiinua mgongo kinapoingia benki.

Na kuvua cheo si mwisho: mtazame Mama Anna Makinda, aliyeondoka kwenye kiti cha Spika wa Bunge mwaka 2015. Mwaka 2022 alikuwa Kamisaa wa Sensa iliyohesabu watu 61,741,120. Kiti alikiacha bungeni, uzoefu akaondoka nao.

Nawe muuguzi wa huku milimani, uliyezalisha wanawake usiku wa mvua za Usambara, barabara inateleza, gari halipandi, daktari yuko mbali: uamuzi wa la kufanya uliufanya wewe, na mama na mtoto wakapona. Basi shemeji akija na shamba la kununua leo leo, msikilize kwa adabu. Moyo ukisita, uamini kama ulivyouamini wodini. Mwambie utamjibu mwezi ujao, ukishaliona shamba lenyewe na hati yake.