Kuvuma si Hoja

Vijana wetu wa Kishushe wametuuliza darasani: mchezo wa simu ukipendwa ghafula na mamilioni, je, huko kupendwa si dalili ya kheri?

Twajibu kwa kisa cha Dong Nguyen wa Vietnam. Mei 2013 alitoa Flappy Bird, mchezo wa ndege mdogo apenyaye baina ya mabomba. Miezi ikapita, waujuao ni wachache. Januari 2014 ukaenea duniani. Mchezo ulikuwa ule ule. Kilichozidi ni watu kuambizana, na kila ashindwaye kutaka kurudia. Basi kuvuma si hoja.

Magazeti yaliandika kuwa matangazo yalimletea dola 50,000 kwa siku. Hata hivyo, Februari 2014 aliuondoa sokoni, akaeleza kuwa umegeuka mazoea yasiyoachika. Lakini waliokwisha kuutia simuni waliendelea kuucheza.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye funzo. Mtengenezaji ataulizwa alichokitoa, na mchezaji ataulizwa umri wake aliutumiaje. Hapana atakayembebea mwenziwe. Hatusemi mchezo ni haramu. Twauliza tu: ikiadhiniwa na kidole kisiweze kuacha, nani bwana na nani mtumwa?