Mtoto Aulizapo "Kwa Nini?"

Wahenga walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulipokuwa tukiwafundisha watoto wa darasa la nne methali hii, mmoja wao aliinua mkono akauliza: "Na mkuu akikosea, nani huvunjika guu?" Darasa zima likacheka. Nasi, kwa kufadhaika, tukamwamuru aketi. Tangu siku ile mtoto yule hakuinua mkono tena.

Tumelitafakari sana kosa letu hilo. Je, yafaa kumzoeza mtoto mdogo kuyapima mambo kwa hoja, au huko ni kumfundisha utovu wa adabu?

Wako wasemao kwamba falsafa ni elimu ya watu wazima. Matthew Lipman, mwalimu wa falsafa huko Marekani, hakukubali. Alipoona kuwa wanafunzi wa chuo kikuu hawajui kupanga hoja, alitambua kwamba wamechelewa kufundishwa. Akatunga hadithi za watoto zenye kuzua maswali, na mwaka 1974 akaanzisha taasisi ya kazi hiyo katika chuo cha Montclair. Kwa njia yake, watoto huketi duara, husoma hadithi, huchagua swali wao wenyewe, kisha hulijadili. Mwalimu hawapi jibu. Kazi yake ni kudai sababu na kuhakikisha kuwa kila mmoja anasikilizwa.

Nasi hatuna haja ya kuagiza hadithi kutoka ng'ambo. Methali zetu hubishana zenyewe: Haraka haraka haina baraka, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwulize mtoto ipi ni ya kweli, na wakati gani. Akianza kutoa sababu, amekwisha kuingia katika falsafa.

Jambo hili latuhusu zaidi sisi tufundishao nchini Uganda. Kwa miaka mingi raia wengi walikisikia Kiswahili vinywani mwa askari, kama lugha ya amri. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini sheria peke yake haiondoi hofu moyoni. Mtoto ajifunzaye kusema, "Sikubaliani nawe, na sababu yangu ni hii," amepewa Kiswahili kingine kabisa.

Ama kuhusu adabu, swali si dharau. Adabu imo katika namna ya kuuliza na ya kusikiliza. Wala hatusemi kwamba kila agizo la mzazi lijadiliwe: mtoto akaribiaye moto huvutwa kwanza, akaelezwa baadaye. Lakini kuelezwa ni haki yake, kwani mtoto aliyezoea kutii bila kujua sababu atamtii pia atakayempotosha.

Walimu wenzetu, mkono wa mtoto ukiinuka, tusiushushe. Jibu la swali lile twalijua sasa: mkuu akikosea, mara nyingi wavunjikao guu ni wale waliomfuata bila kuuliza. Lau tungalimpa mtoto yule nafasi, huenda angalilisema yeye mwenyewe.